Sahani Ambayo Sikuisoma

Siku ya kwanza ya mazoezi ya maabara, katika mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya mikrobiolojia, mhadhiri alinyanyua chupa ya unga mweupe unaofanana na sembe, akatuuliza kama yupo anayejua unga ule umetokana na nini. Nilinyoosha mkono haraka kuliko wote. Nimezaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na mama yangu amekuwa akilima mwani tangu kabla sijaanza skuli. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba aga, ile jeli ambayo bakteria huoteshwa juu yake, hutengenezwa kwa mwani. Nikajibu, kwa sauti ya mtu aliye kwao, kwamba unga ule ni mwani wa Zanzibar, na nikaongeza bila ya kuulizwa kwamba huenda mama yangu ndiye aliyeuvuna. Darasa likacheka, ingawa si kwa ubaya. Mhadhiri alisubiri kicheko kiishe, akasema kwamba nusu ya jibu langu ni sahihi. Aga hutoka katika mwani kweli, lakini ni mwani mwekundu wa jamii nyingine, hasa Gelidium na Gracilaria. Spinosamu na kotonii, zinazolimwa kwetu tangu kilimo hicho kilipoanza kibiashara mwaka 1989 kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, hutoa kitu kingine kiitwacho karajinani, ambacho hutiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vinavyohitaji kushikana. Kisha akaniuliza: "Ulikuwa unajua, au ulikuwa unadhani?"

Nilijibu kwamba nilikuwa ninajua. Sikuwa nikijua, na hata aibu ya siku ile haikunifundisha tofauti. Ilibidi nifike mwaka wa tatu, nikiwa na daftari langu na visima vya kijiji changu, ndipo nikaelewa alichokuwa akiniuliza.

Udaktari ndio uliokuwa chaguo langu la kwanza. Alama za Fizikia zilinikatalia, nikapangiwa mikrobiolojia katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, nikavuka bahari na begi moja na ndoo moja. Jamaa zangu walihitaji kuelezwa nimekwenda kusoma nini. Mjomba aliuliza kama nitakuwa daktari, nikamwambia hapana. Akauliza kama basi nitakuwa mpima damu hospitalini, nikamwambia kazi ile ina masomo yake na usajili wake, na kwamba mimi ninasoma viumbe wadogo wenyewe, wawe udongoni, baharini, katika mtindi au katika utumbo wa mtu. Alifikiri kidogo akasema, "Basi utakuwa mwalimu," na mazungumzo yakaishia hapo. Ninaeleza haya kwa sababu wapo wanaoingia katika fani hii wakidhani ni mlango wa nyuma wa udaktari, na anayeingia kwa dhana hiyo huumia mwaka mzima wa kwanza, kama nilivyoumia mimi.

Skuli nilikuwa nimefaulu kwa kukariri, na muhula wa kwanza nikaendelea na dawa ileile. Nilikariri majina ya Kilatini, nikakariri hatua za mzunguko wa Krebs, nikakariri tabaka za ukuta wa seli ya bakteria, na katika mitihani ya nadharia sikuwa na shida. Maabara ndiko nilikoumbuka. Zoezi la mwanzo kabisa ni kuchora bakteria juu ya aga ili kuwatenganisha: unachukua kitanzi cha waya, unakipitisha kwenye moto mpaka kiwe chekundu, unakiacha kipoe, unagusa mchanganyiko wa bakteria na kuchora mistari katika robo ya kwanza ya sahani, kisha unakichoma tena, unavuta mistari michache kutoka robo ile kwenda ya pili, na hivyo hivyo hadi ya nne, ambako bakteria wanakuwa wamepungua kiasi kwamba kila mmoja anaangukia peke yake. Kesho yake kila mmoja amezaa ukoo unaoonekana kwa macho, kidoto cha mviringo tunachokiita koloni. Maelezo hayo niliweza kuyaandika hata usingizini. Sahani zangu, hata hivyo, zilitoka zikiwa zimefunikwa na utando mmoja kama wa uji uliopoa, kutoka ukingo hadi ukingo, au zikatoka tupu kabisa, na waya wangu ulikuwa umeichana aga kama jembe.

Aliyeniokoa hakuwa mhadhiri. Alikuwa fundi sanifu wa maabara, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, ambaye wanafunzi wote tulimwamkia shikamoo na kumwita Mama bila ya jina. Alinitazama nikichora sahani mbili, akasema, "Mwanangu, mara hukiachi kitanzi kipoe, unawaunguza walewale unaotaka kuwaotesha, mara unasahau kukichoma kati ya robo na robo, unauhamisha mzigo wote. Mkono wako unakimbia kuliko macho yako." Akaniletea rundo la sahani zilizopitwa na muda, akanitaka nichore kila siku saa saba mchana, bila ya bakteria na bila ya moto, mpaka waya uteleze juu ya aga pasipo kuacha jeraha. Nilifanya hivyo kwa majuma matatu. Hakuna alama iliyotolewa kwa kazi ile, na pengine ndiyo iliyonifaa zaidi katika miaka yote mitatu. Ni yeye pia aliyenifundisha kwamba sahani hulazwa kifudifudi katika inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea bakteria, ili matone yanayojikusanya kwenye kifuniko yasidondoke na kusambaza makoloni, na kwamba kosa katika daftari hukatwa kwa mstari mmoja unaosomeka chini yake, wala halifutwi.

Kutoka kwake ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza habari ya Fanny Angelina Hesse, mwanamke aliyezaliwa Marekani na kuolewa na Mjerumani Walther Hesse, aliyekuwa akifanya kazi mjini Berlin katika maabara ya Robert Koch, mtafiti Mjerumani wa bakteria. Wakati ule bakteria walioteshwa juu ya jelatini, ambayo huyeyuka katika joto la kiangazi na ambayo baadhi ya bakteria huila ikageuka maji. Mwaka 1881 Bibi Hesse alishauri aga, aliyokuwa akiitumia jikoni kwa vyakula vyake vya jeli na ambayo alikuwa amefundishwa na watu waliowahi kuishi Java. Aga huyeyuka inapokaribia nyuzi 85 na ikishaganda haiyeyuki tena katika joto la mwili wa mtu, na bakteria wengi hawawezi kuila. Mwaka uliofuata Koch aliitaja aga katika taarifa yake juu ya kifua kikuu, lakini jina la aliyeipendekeza hakuliandika. Ilhali Petri, msaidizi wa Koch aliyeeleza sahani yenye kifuniko mwaka 1887, jina lake tunalitaja kila siku tunaposema sahani ya Petri. Mama wa maabara alikuwa akilisimulia jambo hili huku akikoroga chupa, bila ya kuonyesha hasira, na mwisho husema kwamba kwa joto la Dar es Salaam jelatini isingefika chai ya saa nne.

Katika zoezi la kutia rangi ya Gram nilirudia kosa la kudhani. Njia hii, iliyotangazwa mwaka 1884 na Mdenmaki Hans Christian Gram, ni rahisi kusimulia: rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha alkoholi ya kuosha, kisha rangi ya waridi. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki zambarau, wengine huoshwa na kuchukua waridi. Siri yote imo katika sekunde chache za alkoholi. Mimi niliosha kwa muda mrefu mno, bakteria wa zambarau wakageuka waridi, nami nikaandika kwa wino mzito kwamba ni Gram hasi, yaani wale wa waridi. Nilipoulizwa nimejuaje, nilisema nimeona kwa macho yangu, katika hadubini. Nikaonyeshwa kwamba kila anayejua kazi hii huweka kando ya bakteria asiyemjua madoa mawili ya bakteria anaowajua, mmoja wa kila aina, juu ya kioo kilekile, wapitie rangi ileile na alkoholi ileile. Wale unaowajua wakitoka na rangi isiyo yao, kosa ni la mkono wako, na yule usiyemjua huna ruhusa ya kumsema lolote. Nililiandika hilo daftarini, nikapata alama, nikaendelea mbele kana kwamba limekwisha.

Lugha nayo ilikuwa na sehemu yake. Tulifundishwa kwa Kiingereza na tukafikiri kwa Kiswahili, na kati ya hizo mbili kuna pengo ambalo mtu aliyekariri anaweza kujificha ndani yake kwa miaka. Kwa kawaida yetu kila kisichoonekana ni mdudu: malaria ni wadudu, mkojo mchafu ni wadudu, jino bovu ni wadudu. Nilijizoeza kumsimulia mama kwa simu, usiku, yale niliyosoma mchana, kwa maneno anayoyajua: chachu, ukungu, kimea cha togwa, maziwa yaliyoganda. Pale nilipokwama na kutamani kutumia neno la Kiingereza, mara nyingi ni pale ambapo sikuwa nimeelewa. Naye hakuwa msikilizaji tu. Nilipomweleza juu ya ugonjwa unaoufanya mwani ugeuke mweupe na kukatika vipande, nikisema unaletwa na bakteria, alinijibu kwamba yeye ameuona miaka mingi na kwamba mwani huchoka kwanza kwa maji ya moto ya bamvua la mchana, halafu ndipo unaoza. Nilipofungua vitabu nikakuta hivyo hivyo: joto au kupungua kwa chumvi huudhoofisha mwani, na bakteria waliokuwa juu yake siku zote hupata nafasi. Bahari yenyewe imempa mama mashaka ya kisayansi kuliko mimi.

Juu ya zoezi la dawa nitasema machache. Tuliotesha bakteria, tukaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye viuavijasumu, na kesho yake tukapima kwa rula duara tupu lililozunguka kila kidonge. Palipokuwa na kidonge kimoja, dawa ambayo kwetu kila duka la mtaani huiuza bila ya cheti, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa karatasi. Tangu siku hiyo sijawahi kununua kapsuli mbili mbili kwa ajili ya mafua.

Katika mwaka wa tatu kila mwanafunzi hufanya utafiti mdogo wake mwenyewe, nami nikachagua visima vitatu vya kijijini. Ardhi ya upande ule wa Unguja ni mawe ya matumbawe ya kale yenye nyufa na mapango. Mvua ikinyesha haikuti udongo mnene wa kuichuja, inapita katika nyufa na kuyafikia maji ya chini upesi, pamoja na chochote ilichokibeba kutoka kwenye makaro na vyoo vya shimo. Kisima cha kwanza kilichimbwa na mzee mmoja kiwe sadaka kwa wazazi wake waliofariki, na maji yake yana chumvi kidogo. Cha pili kipo karibu na nyumba yetu. Cha tatu kina maji matamu kuliko vyote, nacho kipo hatua chache kutoka kwenye karo la nyumba ya jirani, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelijali, kwa kuwa maji yake yalikuwa meupe na baridi.

Nilichota alfajiri katika chupa zilizotakaswa, nikazizika katika barafu ndani ya deli la samaki nililoazima, nikawahi gari ya mjini na boti ya asubuhi. Maji ya kupimwa namna hii yanatakiwa yafike maabara ndani ya saa chache, na kwa vyovyote yasizidi saa 24. Nilikuwa nimepanga vipimo viwili. Cha kwanza ni hesabu ya jumla ya bakteria wanaoota katika aga ya kawaida. Cha pili ni cha E. coli, bakteria wa utumbo ambaye uwepo wake ni dalili ya kinyesi: mililita 100 za maji hupitishwa katika utando wenye matundu ya mikromita 0.45, kisha utando ule hulazwa juu ya chakula maalumu katika joto la nyuzi 44.5. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja katika mililita hizo 100. Lakini inkubeta ya nyuzi 44.5 ilikuwa na kazi za wanafunzi wa uzamili, kwa hiyo siku ile nilifanya kipimo cha kwanza peke yake. Nilimimina sahani zangu, nikamimina na sahani moja linganishi, yaani aga tupu isiyotiwa maji ya kisima chochote, kwa sababu mwongozo ulitaka hivyo.

Kesho yake nilifungua inkubeta na moyo ukanidunda. Sahani inayofaa kuhesabiwa ni ile yenye makoloni kati ya 30 na 300. Sahani za kisima cha sadaka zilikuwa zimejaa kiasi kwamba hazikuhesabika, wakati za visima vingine viwili zilihesabika vizuri. Nilitoka nje ya maabara nikiwa na simu mkononi. Nikamwambia mama kwamba kisima cha mzee kina bakteria maelfu kwa maelfu na kwamba wasiyaguse maji yake. Sikumwambia kwamba hesabu ya jumla haisemi kitu juu ya hatari, kwani maji ya kisima chochote yana bakteria wake wa kawaida wasiomdhuru mtu. Katika furaha ile nilikuwa nimesahau kama kuna kipimo cha pili. Mama aliwaambia wenzake walipokuwa wakifunga mwani, na kabla ya maji kujaa habari ilikwishaenea kijiji kizima kwamba mtoto aliyesoma Dar es Salaam amekikuta kisima cha sadaka kina uchafu. Wanawake wakabeba madumu yao wakahamia kisima cha tatu.

Siku ya pili yake, Mama wa maabara alikuwa akisafisha inkubeta. Alitoa sahani moja iliyokuwa imesukumwa nyuma kabisa, akaigeuza, akasoma maandishi yangu. "Na hii mbona hujaisoma?"

Ilikuwa sahani linganishi. Ilitakiwa iwe tupu, nayo ilikuwa imejaa makoloni yaleyale: makavu, meupe, yenye mikunjo na kingo zisizo sawa. Nakumbuka kwamba kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu nilitafuta njia ya kuieleza sahani ile ili sahani nyingine zisalimike. Mama hakusema neno. Alinisogezea kioo na chupa za rangi. Nikatia rangi ya Gram, safari hii nikiweka kandoni wale wawili ninaowajua, nikaona vijiti vya zambarau vilivyopangana kama mnyororo, na ndani ya kila kijiti pameachwa tundu jeupe lisiloshika rangi. Tundu lile ni spora, umbo gumu ambalo jamii ya Bacillus hulitengeneza hali ikiwa mbaya, na ambalo linaweza kuvumilia maji yanayochemka. Hawakutoka kisimani. Walikuwa ndani ya aga yangu, na walikuwa wamepita katika otoklevu, chombo cha kutakasa kwa mvuke, wakatoka hai.

"Hewa uliitoa?" aliniuliza. Otoklevu tuliyokuwa tukiitumia ni ya kizamani, sufuria kubwa la shinikizo lenye kifuniko cha kukazwa kwa skurubu. Inatakiwa uiache vali wazi mpaka mvuke utoke kwa nguvu kwa dakika kadhaa na kuisukuma hewa yote nje, ndipo uifunge na kusubiri paundi 15 na nyuzi 121, kisha uhesabu dakika 15. Hewa ikibaki ndani, mshale wa shinikizo utafika paundi 15 vilevile, lakini joto halitafika 121, hasa katikati ya rundo la chupa. Jioni ile umeme ulikuwa umekatika mara mbili, nami nilikuwa na hofu utakatika mara ya tatu. Niliifunga vali mapema. Mshale ulisoma vizuri. Hata utepe wa alama niliokuwa nimeubandika juu ya chupa ulitoa mistari yake myeusi, nami nikaamini, ingawa utepe ule huthibitisha tu kwamba chupa imekutana na joto. Aga niliyoitumia kwa kisima cha sadaka ilitoka katika chupa iliyokuwa katikati ya rundo, na sahani linganishi niliimimina kutoka chupa hiyohiyo. Jibu lote nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, nyuma ya inkubeta, kifudifudi.

Usiku ule sikulala, nikasoma juu ya Koch, labda nikitafuta mwenzangu. Mwaka 1890, akiwa amekwishatambua kiini cha kifua kikuu na kile cha kipindupindu, alitangaza mjini Berlin kwamba amepata kitu cha kuuzuia ugonjwa wa kifua kikuu. Wagonjwa walimiminika kutoka kila upande. Tuberkulini haikuwaponya, na baadaye ikabaki kuwa kipimo tu. Mtu huyohuyo alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza magonjwa ya watu na mifugo, na mwaka 1906 akarudi kwenye Ziwa Victoria, katika visiwa vya Ssese, kujaribu atoksili, dawa yenye aseniki, kwa wagonjwa wa malale. Baadhi yao walipofuka. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwa heshima kubwa kanuni zake nne za kuthibitisha kiumbe gani kinaleta ugonjwa gani, na zinastahili heshima hiyo. Sehemu ya Ssese niliisoma peke yangu.

Asubuhi nilimpigia mama simu nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ile sahani tupu ni ya kazi gani hasa. Nilianza kumweleza kwa kuzunguka, akanikatiza. "Ni kama gunia," akasema. Anayenunua mwani huja na mizani na magunia yake, na kina mama wamezoea kumlazimisha apime gunia tupu kwanza, mbele ya macho yao, kwa kuwa gunia lililolowa lina kilo zake. "Wewe ulipima mwani na gunia pamoja, halafu ukamtangazia mtu uzito." Nikasema ndiyo. Akaniambia kwamba yeye ataweza kuwarudisha wenzake nyuma kwa maneno, lakini kwa mzee nitakwenda mwenyewe, na nisiende mikono mitupu.

Nilirudi Jambiani baada ya majuma mawili na chupa kumi. Tisa zilikuwa tupu, tatu kwa kila kisima. Ya kumi niliijaza maji yaliyotakaswa maabara, nikaivusha bahari, nikaifungua juu ya kisima cha tatu kwa muda uleule niliotumia kuchota, nikaifunga, nikairudisha Dar es Salaam katika deli lilelile. Mpwa wangu aliyenishikia kamba ya ndoo alidhani nimechanganyikiwa kuyatembeza maji ya Dar es Salaam kwenda na kurudi. Safari hii niliiacha vali wazi mpaka Mama wa maabara mwenyewe akaniambia inatosha, na inkubeta ya nyuzi 44.5 nilikuwa nimejiandikisha siku nne kabla.

Kisima cha mzee hakikuwa na E. coli hata mmoja katika mililita 100, katika chupa zote tatu. Cha karibu na nyumbani kilikuwa na wachache katika chupa moja, idadi ambayo ilinilazimu kusema tu kwamba kinahitaji kupimwa tena. Cha tatu, kile cha maji matamu, kilikuwa na makoloni ya kutosha kuujaza utando wote, na mahali hapo ndipo nilipokuwa nimewahamishia watu kwa simu moja. Kwa kadiri nilivyosikia hakuna aliyeugua katika majuma yale, jambo ambalo siwezi kulichukua kuwa sifa yangu. Nilimwandikia sheha barua ya ukurasa mmoja, bwana afya akaja kukitia klorini, na wenye nyumba ya jirani wakaanza mazungumzo marefu juu ya karo, ambayo ninavyojua hayajakwisha hadi leo.

Kwa mzee nilikwenda na mama, baada ya sala ya alasiri. Tulimkuta barazani. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu na la chombo nilichokifunga kwa haraka, na kwamba kisima chake hakikuwa na lawama. Hakusema kama amenisamehe. Alitaka nimsomee tarakimu zenyewe. Nikafungua daftari nikamsomea chupa moja baada ya nyingine, naye akihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, na nilipofika ya tisa akabaki ameinua kidole kimoja.

"Ulikuja na kumi," akasema.

Nikamweleza ya kumi ilikuwa ya nini, na kwamba ilirudi bila ya kitu. Akakikunja kidole, akamwita mjukuu wake atuletee maji ya kunywa.